Mwanga wa Saa Nane

Mgeni aliingia uani bila kubisha. Lango la nyumba ya kina Michée lilikuwa bati lililoegemezwa tu, na mtu asiyejua namna ya kulisogeza huliangusha. Bati lilianguka kwa kishindo. Victorine, aliyekuwa barazani mbele ya cherehani akishona mkono wa sare ya shule, aliinua kichwa akamwona mwanaume wa miaka thelathini na kitu, suruali ya kubana, viatu vyeupe kabisa. Vumbi jekundu la mtaa wa Katuba lilikuwa limekwisha kuvipaka kando.

"Bonjour, mama. Pardon kwa mlango. Natafuta Michée. Michée wa BMX."

"Haiko," alisema Victorine.

Michée alikuwepo. Alikuwa hatua sita kutoka hapo, nyuma ya pazia la chumba cha kwanza, mikono ikiwa ndani ya maji ya sabuni hadi viwiko. Lakini ilikuwa saa tano ya asubuhi, na saa tano hakuna mtu anayeitwa kutoka chumba kile. Victorine alikuwa amekwisha kumdanganya hivyo hivyo hata padri wa parokia.

"Wameniambia anakaa hapa," mgeni alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu wa Kinshasa aliyejifunza kwa mama yake. "Kwanza walinipeleka kwa yule muuza makala wa kwenye kona. Nikamuuliza, ni wewe unayecheza na kinga? Akaniangalia. Akasema, miye kinga inanitesa, sijaona mutu mwenye kucheza nayo."

Kinga ndiyo baiskeli kwa watu wa Lubumbashi, kama makala ilivyo mkaa. Victorine hakutaka kucheka, lakini alicheka. Akamsogezea kiti cha plastiki.

"Ungoje basi. Atakuya sasa hivi."

Mgeni alikaa. Baada ya muda mfupi upepo ulisukuma pazia, na kitu kikatoka nyuma yake pamoja na harufu ya sabuni na dawa, kitu kizito ambacho sabuni haikukiweza. Mgeni alikohoa, akatazama simu yake, kisha akainua kiti polepole akakisogeza hadi karibu na ukuta wa jirani, kama mtu anayefuata kivuli. Upande ule hapakuwa na kivuli. Victorine aliona. Alikanyaga cherehani kwa nguvu ili kelele yake ijaze ua.

Nyuma ya pazia, Michée alikuwa amempitishia Mutale, kaka yake mkubwa aliyemwita Yaya, mkono mmoja chini ya bega na mwingine chini ya nyonga.

"Yaya, uko tayari?"

"Weye uvute tu."

Akavuta. Mutale aligeuka kwa mara moja, mzito, miguu ikifuata nyuma bila kusaidia. Tangu lori lilipomgonga katika barabara ya Kasungami akisukuma magunia matatu ya makala, miezi kumi na mmoja iliyopita, miguu ile haikuwa yake tena. Juu ya makalio, pale mfupa unapokaribia ngozi, kidonda kilikuwa kimefunguka kikubwa kama kiganja cha mtoto. Muuguzi aliyekuja kila Jumatatu alisema jambo moja tu, akalirudia kila Jumatatu: ageuzwe kila baada ya saa tatu, kila siku, la sivyo kidonda kitafika mfupani, na kikifika mfupani yeye hatakuwa na la kufanya.

Saa mbili, saa tano, saa nane, saa kumi na moja. Na usiku pia. Kazi hiyo ilikuwa ya Michée peke yake. Kwa watu wao, kaka mkubwa wa mume ni mukwe. Mke wa mdogo humpikia, humsalimu akiwa amepinda goti kidogo, humwita Papa; lakini hakai naye kwenye kiti kimoja, wala macho yake hayauoni mwili wake. Victorine alichemsha maji, akayafikisha kwenye pazia. Alifua mashuka, akayapitisha kwenye pazia huku amegeuza uso. Kwa miezi kumi na mmoja hakuwa amevuka.

"Nani ameangusha bati yetu?" Mutale aliuliza, uso ukiwa ukutani.

"Siyui. Mugeni."

"Anavaa manukato ya bei. Kama ni muntu wa deni, mwambie achukue kitanda, lakini atanichukua na miye juu yake."

*

Mgeni aliitwa Lucien. Michée alipotoka akijifuta mikono, Lucien alisimama akampa mkono, kisha akageuza simu ili waangalie pamoja.

Ilikuwa video ambayo Michée aliipiga mwenyewe mwezi Agosti katika hangar, ghala la zamani la mizigo, mjini, simu ikiwa imeegemezwa kwenye tofali. Hakukuwa na muziki. Ilisikika tairi juu ya sakafu, na njiwa darini. Michée alionekana akiisukuma BMX yake kutoka upande wa kushoto, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma ya kiti, mwili umeinama, kama wanavyosukuma wabeba makala. Hatua tatu. Kisha baiskeli ikasimama kwa gurudumu la nyuma, ikaanza kumzunguka, na yeye akaendelea kutembea taratibu katikati ya mzunguko wake, kana kwamba ilikuwa na mzigo usiotakiwa kumwagika. Iliporudi mbele yake, akaweka mguu mmoja juu ya kile chuma kifupi kinachochomoza kwenye gurudumu, akateleza nayo akitazama pembeni, kama mbeba makala aliyefika kileleni na sasa anauacha mteremko umbebe.

"Watu elfu arobaini wameangalia," Lucien alisema.

Michée hakujua. Kwa majuma mawili hakuwa amenunua mega za intaneti.

"Wengine wote wanazunguka haraka, tourbillon, tourbillon, mpaka kichwa kinauma," Lucien aliendelea. "Wewe unatembea. Hiyo ndiyo style. Nani alikufundisha?"

Michée alitazama pazia. "Ni namna ya kusukuma makala. Yaya yangu njo alikuwa anasukuma. Nilikuwa ninakamata nyuma ya kinga yake ku milima."

"Formidable. Hiyo tutaiweka kwenye hadithi."

Kisha akaeleza. Kulikuwa na kampuni ya viatu. Ilitaka mwanamichezo wa Congo, si mcheza mpira, mtu mwenye kitu chake. Mkataba wa miaka miwili, mshahara wa kila mwezi, safari za Abidjan na Cape Town, na kiatu kimoja ambacho Michée angekichora mwenyewe. Kilichobaki ni filamu fupi ya dakika moja. Ingepigwa Alhamisi katika hangar ile ile. Mabosi wakiipenda, mkataba ungesainiwa Ijumaa.

Michée alikuwa na miaka thelathini na miwili. Kwa miaka tisa alikuwa ameishi kwa baiskeli: karamu za harusi, sherehe za kampuni za simu, safari moja ya Lusaka, na viza ya Johannesburg iliyokataliwa. Wale wanne walioanza naye walikwisha kutawanyika. Mmoja aliendesha lori la mgodi Kolwezi, mmoja alihubiri, mmoja alikuwa Canada, mmoja hakujulikana. Siku hizi alifanya mazoezi peke yake katika hangar, na alipofaulu kitu kipya hapakuwa na wa kumwambia isipokuwa njiwa. Ili kula, alichapisha michoro kwenye fulana. Vibao vyake vya kuchorea, vyenye matundu ya kupitishia rangi, alivikata kutoka picha za X-ray zilizotupwa hospitalini. Picha ya uti wa mgongo wa Mutale ilikuwa kati ya hizo. Mutale mwenyewe aliitoa chini ya mto: "Kata na yangu. Miye haina kazi nayo."

"Alhamisi saa ngapi?" Michée aliuliza.

"Saa sita mpaka saa saba. Saa moja inatosha."

Michée alihesabu kimoyomoyo. Saa tano, kumgeuza. Saa nane, kumgeuza.

"Basi iko muzuri," alisema.

Kwenye mlango, Lucien alilichukua bati kwa mikono miwili, akajaribu kuliegemeza. Lilianguka tena.

*

Jumatano jioni, jua likiwa bado juu ya mabati, Victorine alimpakulia mumewe bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, akakaa mbele yake bila kula.

"Na kama unachelewa?"

"Lucien alisema saa saba."

"Bantu ba kamera habanaga saa. Ile harusi ya Kipushi pia balikuambia saa saba."

Siku ya harusi ya Kipushi ndipo Michée alipomwomba jirani yao Désiré, seremala, amgeuze Mutale kwa niaba yake. Désiré alikuja, akamgeuza vizuri, akakataa hata soda. Kisha jioni, kwenye baa ya kona, akawaigizia rafiki zake namna alivyoziba pua kwa bega huku mikono ikiwa na kazi. Aliigiza vizuri, watu wakacheka sana. Kesho yake mwanamke mmoja alipita mbele ya ua akiwa ameziba pua, na wenzake wakamsukuma wakicheka. Mutale alisikia yote kupitia dirishani. Siku mbili hakufungua kinywa, hata kwa kula. Siku ya tatu alisema: Michée peke yake.

"Michée," Victorine alisema, akishusha sauti, "miye nitamugeuza."

"Unasema nini?"

"Kesho, saa nane ikifika, kama hauko, miye nitamugeuza. Bantu baseme. Nitafunga macho. Ile mukataba ni miaka mbili, Michée. Miaka mbili! Tutamupeleka kwa munganga wa kweli wa hospitali, tutanunua ile matela ya upepo alalie. Kama Mungu anakasirika juu nimemugusa, nitaongea naye miye mwenyewe."

Pazia halikuwa ukuta.

"Mama," Mutale aliita kutoka ndani.

Victorine alisimama, akapinda goti, ingawa hakuna aliyemwona. "Papa."

"Aksanti, mama. Lakini weye ni mukwe wangu. Ukiniona vile, kesho ukiniletea bukari, nitakuangalia namna gani?"

Victorine alibaki amesimama. Kisha alichukua sahani, akaenda kuiosha nyuma ya nyumba, ingawa bado ilikuwa na chakula.

Michée aliingia chumbani. Mutale alikuwa amelalia ubavu wa kushoto, akitazama mlango. Uso wake ulikuwa umebaki uleule mpana, wa mtu aliyezoea jua, juu ya mwili uliopungua.

"Uende," Mutale alisema. "Nitalala vile vile mpaka utakuya. Saa tisa, saa kumi, haina kintu."

"Na kidonda?"

"Kidonda kinaniyua, na miye ninakiyua. Tunakaaga naye."

"Saa nane nitakuwa hapa."

"Usinipe saa, Michée."

"Juu ya nini?"

"Ukinipa saa, nitaingojea." Alisema hivyo bila uchungu, kama anayeeleza namna ya kufunga gunia. "Ukisema tu utakuya, nitalala, nitafikiri bintu bingine. Lakini ukinipa saa nitaanza kusikiliza barabara. Kila muntu mwenye kupita, nitafikiri ni weye. Hapa ndani muchana ni murefu sana, ndugu yangu. Hauwezi kuyua."

Michée alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa akiingia humu mara nane kwa siku moja, na hakuwa amewahi kufikiri juu ya saa zilizokuwa katikati.

"Ninakupa," alisema. "Saa nane."

Mutale alifumba macho. "Bon," alisema. "Nimeikamata."

*

Hangar ilikuwa na joto la Oktoba, mvua ikiwa bado haijaamua. Walikuwepo watu saba, jenereta, na taa mbili. Msimamizi wa picha alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole, Gaëlle, ambaye alimsalimu Michée kwa mikono miwili na kumwambia kwamba aliitazama video yake mara kumi kabla ya kukubali kazi hii. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwambia hivyo. Michée alipanda baiskeli akiwa na mwili mwepesi.

Tatizo lilikuwa viatu. BMX ya Michée haikuwa na breki. Kila alipotaka kuituliza alibana tairi kwa soli ya kiatu, na hivyo ndivyo alivyoweza kuiendesha polepole kuliko wengine. Mguu wake ulizungumza na gurudumu. Lakini viatu vya kampuni vilikuwa vyeupe mpaka chini, na kampuni ilitaka vionekane vyeupe. Baada ya zamu ya kwanza cha kushoto kilikuwa na mstari mweusi kama mkaa.

"Coupez!" Gaëlle aliita wakate picha. Msichana wa mavazi, Bénie, alikuja mbio na mswaki na dawa ya meno. "Papa, unaua viatu!"

"Kinga yangu haina breki, mama. Breki njo huu muguu."

"Basi uuvue, tupige picha ule mwingine."

Walicheka wote, hata Lucien. Zamu ya pili, mstari mweusi. Zamu ya tatu, mstari mweusi. Kulikuwa na jozi nne tu. Bénie alipiga magoti mbele yake kila mara, akisugua, na Michée, mguu ukiwa mikononi mwa msichana yule, hakujua aangalie wapi. Jozi mbili zilikwisha. Walijaribu kufunga plastiki chini ya soli; aliteleza akaangukia kiwiko. Mtu wa umeme aliondoka kutafuta mafuta ya jenereta, akarudi baada ya dakika ishirini. Saa saba ilipita.

Kisha Gaëlle akatazama juu. Paa la hangar lilikuwa na tundu kubwa, pale mabati mawili yalipong'olewa, na mwanga ulioingia humo ulikuwa ukitembea sakafuni tangu asubuhi. Alitazama simu yake, akapima kwa hatua, akasimama katikati.

"Hapa," alisema. "Saa nane kamili mwanga utaanguka hapa, na utakaa dakika ishirini. Ile ya kutembea tutaipiga ndani ya mwanga. Mara moja tu, na jozi mpya. Mpaka wakati ule tupumzike."

Watu wakakaa chini, wakafungua mikate. Michée alitazama saa. Saa saba na dakika kumi na tano.

Alimkuta Lucien nje, kwenye kivuli cha gari.

"Tuipige sasa," Michée alisema. "Sasa hivi, na taa."

"Gaëlle anataka jua."

"Saa saba na nusu ni lazima niondoke. Niko na kazi nyumbani."

Lucien alitabasamu. "Kazi gani inayoshinda hii?"

"Niko na mgonjwa."

"Vieux, nani hapa nchini hana mgonjwa?"

"Ni wa kugeuza." Michée alihisi masikio yake yakipata moto. "Hawezi kujigeuza mwenyewe. Saa nane ni saa yake."

"Mke wako yuko nyumbani. Nilimwona."

"Hawezi."

"Hawezi, au hataki?"

"Ni yaya yangu. Ni mukwe wake."

Lucien alifungua kinywa acheke, kisha akakifunga. Alifikiri juu ya mama yake, ambaye mpaka leo huvuka barabara akimwona mume wa binti yake anakuja. "Bokilo," alisema taratibu, jina la mkwe kwa Kilingala. "Naelewa." Na alielewa kweli, ndiyo maana hakumtazama Michée alipoendelea. "Lakini sikia. Kamera zinarudi na ndege ya jioni. Hakuna Ijumaa nyingine."

"Nitarudi saa tisa. Saa tisa kasoro."

"Jua halitakungoja."

"Basi bila jua."

"Mimi si mwenye kampuni, Michée. Wakiona filamu haina ile style, wataniuliza nilikuja Lubumbashi kufanya nini. Kuna mwingine Kinshasa, anazunguka haraka, amenisumbua kwa simu mwezi mzima. Usinilazimishe nimpigie." Akaweka mkono begani kwake. "Dakika arobaini tu. Kaka yako amelala miezi mingapi? Dakika arobaini ni nini kwake?"

Michée aliwaza kwamba swali lile lilikuwa la haki. Pengine dakika arobaini hazikuwa kitu. Pengine kidonda kisingejua tofauti. Mutale angemsamehe kabla hajaomba. Angesema haina kintu, na angemaanisha. Alimwona amelalia ubavu mmoja, macho mlangoni, akisikiliza: huyu ni mtu wa maji, hii ni pikipiki, huyu anapita tu.

Alikaa kwenye kizingiti cha hangar, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Uende navyo," Bénie alisema kwa huruma. "Vimekwisha kufa hivi."

"Hapana," Lucien alisema, akitazama chini. "Vinatakiwa kurudi vyote."

Michée aliviweka kimoja kando ya kingine, akavaa vyake vya zamani. Gaëlle alikuwa amesimama katikati ya sakafu, katika mahali pake pa mwanga ambapo mwanga ulikuwa bado haujafika, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Alimpungia mkono akidhani anakwenda kununua maji.

*

BMX ya mchezo haikutengenezwa kwa safari. Ina gia moja, magurudumu madogo, na kiti kilichoshushwa chini kabisa. Anayetaka kwenda mbali nayo hukanyaga pedali sana na kusogea kidogo. Michée alitoka mjini akiwa amesimama juu ya pedali. Teksi zilimpita zote. Konda wa basi dogo alichungulia dirishani.

"Papa! Hiyo kinga ya mutoto umeiiba wapi?"

Abiria wakacheka. Michée aliendelea. Jasho lilimwingia machoni, na kiwiko alichoangukia kikaanza kuvuja damu. Kwenye njia panda mwanaume mmoja alimtambua, akapiga kelele, "Michée, fanya moja!" Zamani asingepita bila kufanya moja. Alipita. Barabara ilijaa watu, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kuna kitu kilikuwa kimekwisha.

Nyumbani, Victorine alikuwa ameweka maji jikoni mara mbili, yakachemka, yakapoa, akayachemsha tena. Tangu saa saba alikuwa ameomba sala mbili, moja kwamba mumewe abaki hangarini mpaka mwisho, nyingine kwamba aje. Na alikuwa ameziomba zote kwa moyo wote.

"Mama," Mutale aliita nyuma ya pazia. "Saa ngapi?"

"Bado, Papa."

Alisikia pumzi yake. Alisikia kwamba Mutale alijaribu kuvuta shuka na hakuweza. Alisogea hadi mkono wake ukagusa pazia, akasimama hapo. Upande wa pili Mutale aliona kitambaa kikisukumwa na vidole vitano. Wakakaa hivyo, mmoja huku, mmoja kule.

Bati likaanguka.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika tatu. Michée alisimama uani akiinamia usukani, hawezi kusema. Victorine alimtazama usoni, kisha miguuni, kisha akatazama jua lilipokuwa.

"Maji iko moto," alisema.

Alimfuata na beseni hadi kwenye pazia, akageuza uso, akalipitisha.

"Umekuya," Mutale alisema.

"Nimekuya."

"Saa ngapi?"

"Nane. Kasoro tatu."

Mutale alicheka kwa pua. "Nilikusikia kuanzia pale kwa fundi wa redio. Nikasema, huyu anapumua kama mbwa, ni wetu huyu." Kisha: "Balikupiga picha yote?"

Michée alikuwa akikamua kitambaa. "Yote."

"Na ile ya kutembea?"

"Ile njo balianza nayo."

"Balisema nini?"

"Mama wa kamera alisema hajaona kintu kama ile."

Michée alifungua bandeji, akasafisha kidonda kuanzia kando kwenda katikati kama muuguzi alivyomwonyesha, akakikausha, akakifunika. Kilikuwa chekundu, si cheusi. Nje, cherehani haikulia. Victorine alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye ukuta wa chumba kile, mikono mapajani.

"Kiwiko chako kinatoka damu," Mutale alisema.

"Nilianguka kidogo."

"Ndani ya picha?"

"Ndani ya picha."

"Eh."

Michée alipitisha mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga. Akavuta. Mwili wa kaka yake ulimjia wote kwa pamoja, ukamwegemea kifuani, na kwa kitambo aliushikilia hapo, hajaulaza bado, akisikia moyo wa mwenzake ukipiga kwenye mkono wake. Kisha akamlaza taratibu kwa ubavu wa kulia, akamnyooshea miguu, akamweka mto katikati ya magoti.

Sasa Mutale alikuwa ametazama ukuta.

"Michée."

"Yaya."

"Saa kumi na moja?"

"Saa kumi na moja," Michée alisema.